Jaji Asiyeona Mashahidi

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa shuleni kazi ya jaji ni nini, atakuambia ni kusikiliza mashahidi na kufunga watu. Hebu leo tumtazame jaji wa rufani, ambaye hata shahidi mmoja haji mbele yake.

Thurgood Marshall alizaliwa mwaka wa 1908 mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa wakili wa watu weusi, na mwaka wa 1954 alishinda ile kesi iliyopiga marufuku kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma. Nasi Wakenya tuna deni lake. Mwaka wa 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwenye mkutano wa katiba, Lancaster House, London. Huko aliandika rasimu ya haki za raia, wakiwemo Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Wenzangu wengine darasani hununa wakisikia hayo. Mimi naona ni kazi ile ile aliyoifanya kwao: kumlinda aliye mchache.

Mwaka wa 1961 Rais Kennedy alimteua jaji wa Mahakama ya Rufani inayohudumia New York, Connecticut na Vermont. Maseneta wa kusini wakamkalia ngumu. Alithibitishwa tarehe 11 Septemba 1962, kwa kura 54 dhidi ya 16. Karibu mwaka mzima aliamua kesi za watu huku yake mwenyewe haijaamuliwa!

Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja, husoma kumbukumbu za kesi na kuwasikiliza mawakili. Swali lao ni moja: je, sheria ilifuatwa?

Mwaka wa 1965 ililetwa kesi ya Hetenyi. Bwana huyu alishtakiwa mauaji ya daraja la kwanza, ambayo adhabu yake ilikuwa kifo, lakini akapatikana na hatia ya daraja la pili. Akakata rufani akashinda. Basi ati upande wa mashtaka ukamrudisha kortini kwa daraja la kwanza tena! Marshall aliandika kwamba haifai, kwani kesi ya kwanza ilikuwa imekwisha kumwondolea shtaka hilo kubwa. Fikiria, ikiwa rufani inaweza kukufungulia mlango wa kifo, nani atathubutu kuikata?

Mwaka huo huo Rais Johnson alimwomba aache ujaji awe wakili wa serikali katika Mahakama ya Juu. Jaji wa serikali kuu ya Marekani ana kazi maishani (kwetu hustaafu akiwa na miaka 70), ilhali wakili huyo aweza kufutwa na Rais siku yoyote. Hata mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Nyanya yangu nilipomhadithia alitikisa kichwa tu. Marshall alikubali, na mwaka wa 1967, kwa kura 69 dhidi ya 11, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Alikaa huko hadi 1991.