SOMO: TUMPIME MGOMBEA KWA MIZANI GANI?

Masomo: Kutoka 18:21, 1 Samweli 16:6-7, 1 Watesalonike 5:19-21



Kila uchaguzi wa Raisi tunasikia maneno matatu: huyu ni wa kabila letu, huyu alitugawia chumvi na vitenge, huyu nabii alimwona katika maono. Leo tuyapime.

KWANZA, SHERIA. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 72, inataka mgombea awe Mkongomani wa asili, mwenye miaka 30 au zaidi, na haki zake zote za raia. CENI inapokea karatasi, Korti ya Katiba inakata neno. Mwaka 2018 Jean-Pierre Bemba alikataliwa, kwa sababu alihukumiwa La Haye kwa kuhonga mashahidi. Mwaka 2023 wagombea 26 walikubaliwa. Lakini ndugu, korti inapima karatasi, haipimi moyo. Hata mtumbwi wenye karatasi zote unazama Tanganyika.

PILI, MATENDO. Yetro alimwonyesha Musa alama nne: mtu hodari, mcha Mungu, mkweli, mwenye kuchukia mali ya udhalimu. Basi tuulize: kazi aliyopewa zamani aliiachaje? Je, anatii sheria inayomfunga yeye mwenyewe? Kifungu cha 70 kinatoa miaka mitano, tena mara moja tu. Muhula wa pili wa Raisi Joseph Kabila uliisha Desemba 2016. Kura ikapigwa Desemba 2018. Tusisahau. Na anayenunua kura kwa chumvi, kesho atatafuta feza yake kwetu. Tena hapa Fizi, ambako makabila yamelizana miaka mingi, mgombea anayechochea ndugu juu ya ndugu amekwisha kupimwa, naye amepungua.

TATU, UNABII. Hapa tujihukumu sisi wenyewe. Samweli alikuwa nabii wa kweli, lakini alipomwona Eliabu, akadhani ndiye. Kama Samweli alidanganywa na sura na kimo, sisi ni nani? Hatumzimishi Roho. Lakini jina la mgombea lisitangazwe madhabahuni kama amri ya Mungu. Maono yapelekwe kwa wazee, yapimwe. Na kama mwonaji amepokea bahasha, hapo hakuna tena cha kupima.

Siku ya kura kila mwaminifu aingie na dhamiri yake, si na fulana aliyopewa.

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kutazama moyo. Amina.