Tukikague kitongoji chetu kwa miguu, kila wiki

Tunapozungumzia usafi, wengi wetu huanza na mwili, nguo na mahali pa kuswalia. Hilo ni sahihi, kwani bila ya twahara swala haisihi. Lakini uchafu unaotuletea maradhi mara nyingi hauko chumbani wala msikitini. Uko nyuma ya choo, kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali, chini ya bomba linalovuja na ndani ya tairi lililotupwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na ametuonya tusijisaidie njiani, vivulini wala kwenye sehemu za maji. Udhia hauondolewi na mtu asiyeuona, na aliyekaa barazani hawezi kuuona wote.

Katika somo la leo tutaangalia namna wakazi wanavyoweza kuzunguka kwa miguu, kukagua kitongoji chao na kurekebisha wanachokikuta. Mahali tunapopafikiria ni Mkula, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, ambako maji ya mlimani yanalimia mpunga na mvua ikinyesha madimbwi hujaa kila upande. Mfano wa kujifunza tutauchukua Dar es Salaam.

Kwa nini kila wiki?

Mbu hutaga mayai majini. Yai huanguliwa likawa kiluwiluwi, kiluwiluwi huwa buu, na buu hutoka mbu anayeruka. Katika joto kama la Kilombero safari hiyo huchukua takriban siku 7 hadi 14. Hivyo basi, siku ya usafi ya mara moja kwa mwezi ni jambo jema, lakini kwa mbu haitoshi. Dimbwi likijaa siku mbili baada ya usafi, litakuwa limekwishatoa mbu kabla ya usafi unaofuata. Anayerudi kila baada ya siku 7 huwakuta viluwiluwi wangali majini, hawana mbawa.

Walivyofanya Dar es Salaam

Mwaka 2004 ulianza mpango wa kudhibiti malaria mjini Dar es Salaam katika kata 15, tano kutoka kila manispaa ya wakati huo, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ifakara walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Kazi ya kutafuta mazalia haikuachiwa madaktari. Ilifanywa na wakazi, na kila mmoja alipewa mashina yake ya balozi ya kuyazungukia kwa miguu kila wiki.

Kwanza walichora ramani kwa mkono wakishirikiana na wajumbe wa mashina, wakaonyesha kila kiwanja, mfereji na bustani. Kisha ramani hizo zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani. Hapo ikaonekana kuwa kulikuwa na sehemu ambazo hazikuingia katika ramani ya shina lolote. Ardhi isiyo na nyumba, au iliyo mpakani baina ya mjumbe huyu na yule, haikuwa na mwenyewe. Mbu hajui mpaka wa shina. Jambo la pili lililowasumbua wakaguzi lilikuwa viwanja vilivyozungushiwa ua, kwa kuwa palipofungwa geti hapakukaguliwa.

Mwaka 2006 kata tatu za Buguruni, Mikocheni na Kurasini zilianza kuwekewa dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi, na maambukizi ya malaria yakapungua. Lakini dawa ilikwenda pale tu ambapo mguu wa mkaguzi ulikuwa umefika.

Namna ya kuanza

Kwa kitongoji cha Mkula hakuna haja ya picha za angani wala fedha nyingi. Wafuate utaratibu huu:

1. Watoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mhudumu wa afya wa jamii. Kikundi kiwe na wanaume na wanawake, wazee na vijana. Mama anayechota maji kila siku anajua dimbwi ambalo mwenyekiti hajawahi kuliona.

2. Wachore ramani kwenye karatasi kubwa, waonyeshe nyumba, vyoo, visima, mifereji ya mashamba, mashimo ya matofali, machinjio na jalala. Kisha waulizane: baina ya kitongoji chetu na cha jirani ni nani anayepita? Mahali hapo pawe pa kwanza kupewa mtu.

3. Waanze na msikiti wenyewe. Birika na mapipa ya maji ya udhu yasiyofunikwa ni mazalia mazuri ya mbu, na maji yanayomwagika baada ya kutawadha yakikosa mfereji hutuama. Si vizuri kumkagua jirani kabla ya kujikagua.

4. Wapige hodi, watoe salamu na kuomba ruhusa. Asiyekuwepo wamrudie siku nyingine. Watakachokiona ndani ya ua wa mtu wamwambie mwenyewe, wasikitangaze barabarani. Nia ni kuondoa maradhi, si kumfedhehesha mtu.

5. Wabebe kata au bakuli jeupe, jembe, beleshi na daftari. Wateke maji ya dimbwi taratibu na kuyatazama. Kiluwiluwi anayelala sambamba na uso wa maji ni wa mbu wa malaria. Anayening'inia kichwa chini ni wa jamii nyingine. Wapo wa kwenye maji machafu na vyoo, ambao hueneza matende na mabusha, na wapo wa kwenye matairi na makopo, ambao hueneza dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2019.

6. Waangalie vyoo pia. Je, kila nyumba ina choo kinachotumika? Shimo limefunikwa? Kuna maji na sabuni karibu, hata kama ni kibuyu chirizi? Kisima kiko angalau mita 30 kutoka chooni, na hakiko upande wa chini wa mteremko?

7. Kinachowezekana kifanywe hapo hapo: kopo lifukiwe, tairi litobolewe au liondolewe, pipa lifunikwe, shimo dogo lijazwe udongo, maji ya bombani yachimbiwe mfereji. Kisichowezekana kiandikwe daftarini pamoja na tarehe, jina la atakayekishughulikia na siku ya kurudi kukiangalia. Ukaguzi usio na siku ya kurudi ni matembezi tu.

Mpaka wa kazi hii

Ni vyema ikaeleweka kuwa kuzunguka huku hakumalizi malaria peke yake. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa kushughulikia mazalia kunafaa zaidi pale yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kupatikana. Majaruba ya mpunga na nyayo za ng'ombe wakati wa masika hayahesabiki. Lakini watafiti wa Ifakara wameonyesha kuwa katika bonde hili maambukizi mengi huletwa na mbu aina ya funestus, naye hupenda maji yanayodumu muda mrefu na kuota majani: kingo za vijito vinavyokwenda polepole, mabwawa na visima vya wazi. Mahali pa namna hiyo hapawi pengi, na hapahami. Wakati wa kiangazi, maji mengine yanapokauka, mtu wa miguu anaweza kupahesabu pote na kupaandika. Kwa hiyo kiangazi kisiwe kipindi cha kupumzika.

Katika mashamba, wakulima wa mfereji mmoja wanaweza kukubaliana kuyakausha majaruba kwa siku chache kwa zamu, kwa ushauri wa bwana shamba, ili viluwiluwi wafe bila mpunga kudhurika. Mafuta machafu ya magari yasimwagwe madimbwini, kwani huharibu maji na ardhi. Aidha, chandarua chenye dawa kiendelee kutumika kila usiku, na mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hasa mtoto mdogo na mama mjamzito.

Tanzania si wageni wa jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walifanya hivyo kwa majembe yao wenyewe. Ndugu msomaji, majembe bado tunayo. Chagueni siku moja ya wiki, mgawane njia, na daftari likae mahali ambapo kila mmoja anaweza kulisoma.