AMANA YA WATOTO, NA SITARA ISIYOKUWA SITARA

 

Somo hili ni juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni kuharibiwa kwa watoto na watu waliokabidhiwa kuwalea: chuoni, katika safari za maulidi, katika kambi za vijana, katika timu za mpira na vikosi vya skauti. Haya ni katika imani. Lakini haya yenye kumwacha mtoto mikononi mwa dhalimu si haya ya imani.

Itazamwe Nyakato, kata ya Manispaa ya Ilemela katika Mwanza, kando ya njia iendayo Musoma. Hapo wamekusanyika watu wa kila upande, na miongoni mwao watu wa pwani waliofuata riziki. Baba hutoka alfajiri kwenda kiwandani, au sokoni, au kwenye samaki wa ziwani, na hurejea jua limekuchwa. Bibi na shangazi, ambao Tanga au Lamu wangalimwona mtoto kutwa, wako mbali. Basi mtoto hukabidhiwa mwalimu au kiongozi wa kikundi. Kukabidhi si kosa. Kosa ni kukabidhi kisha asiulize.

SUALA: Je, jambo hili liko kweli, au ni maneno ya watu?

JAWABU: Liko. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania nzima, Bara na Zanzibar, wakaulizwa vijana wa miaka 13 mpaka 24. Khabari zake zikatolewa mwaka 2011. Karibu wanawake 3 katika kila 10, na mwanamume 1 katika kila 7, walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Na wengi wa wanaume hao hawakupata kumwambia mtu yeyote. Kwa hivyo baba anayedhani khatari hii ni ya mabinti peke yao amekosea.

SUALA: Je, kumwekea mwalimu masharti si kumdhania vibaya?

JAWABU: La. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, Waislamu wameamrishwa kuliandika deni na kuliwekea mashahidi, wala hapana asemaye kwamba kuandika ni kumtukana mkopaji. Ikiwa dirhamu huandikwa, mtoto je? Na wanachuoni wa kale walitangulia katika haya. Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyekufa mwaka 256 wa Hijra (870), alitunga kitabu cha adabu za walimu, akazuia mwalimu kuwatumia watoto katika haja zake, na akaweka mpaka wa kupiga. Baada yake Abul-Hasan Al-Qabisi, wa mji huo huo, aliyekufa mwaka 403 wa Hijra (1012), alimtaka mwalimu awalinde watoto hata wao kwa wao, akiwapo aliyekaribia kubaleghe anayekhofiwa uharibifu. Masharti haya humlinda pia mwalimu mwema asisingiziwe.

SUALA: Na je, hatukuamrishwa kumsitiri Muislamu?

JAWABU: Hapa ndipo walipopotea wengi. Sitara ni ya mtu aliyeteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake, kisha akatubu. Ama aliyemdhulumu mtoto, ana haki ya mja shingoni mwake, na kesho yuko mtoto mwingine. Mtume (s.a.w.) ameamrisha ndugu asaidiwe akiwa dhalimu au mdhulumiwa, akabainisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Na Suratun-Nisaa, aya ya 135, inataka ushahidi wa haki hata juu ya wazazi na jamaa.

Lakini huonekana wazee wakikutana usiku, fedha zikatolewa, maneno yakazikwa, na mwenye kutenda akapelekwa mji mwingine, huko akafungua chuo kipya. Hiyo si sulhu. Ni kumtoa fisi katika zizi hili na kumtia katika zizi lile. Nalo si la Waislamu peke yao. Katika Marekani, chama cha Boy Scouts of America kiliweka tangu miaka ya 1920 mafaili ya siri ya viongozi waliotuhumiwa kuwaharibu watoto. Mwezi wa Februari 2020 chama kiliomba hifadhi ya sheria ya kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakaleta madai ya kwamba waliharibiwa utotoni mwao. Siri iliyowekwa kwa kulinda jina ndiyo iliyolivunja jina.

SUALA: Basi baba afanye nini?

JAWABU: Mambo matano.

La kwanza: mtu mzima na mtoto mmoja wasikae faragha. Somo lisomeshwe mlango wazi, na safari ziwe na wakubwa wawili au zaidi. Wakubwa wasilale chumba kimoja na watoto, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto wenyewe watengwe malazi wafikapo miaka kumi.

La pili: kabla ya mtu kupewa watoto, waulizwe watu wa alikotoka, na sababu ya kuondoka kwake.

La tatu: mtoto afundishwe kwamba mwili wake una sitara, na kwamba hapana siri ya kufichwa mama na baba, hata iwe na zawadi. Suratun-Nur, aya ya 58, yawafundisha watoto kubisha hodi nyakati tatu. Basi kumfundisha mtoto mipaka ya mwili si utovu wa adabu.

La nne: mtoto aliyependa chuo akianza kukikimbia, au kumkhofu mtu mmoja, au kukojoa kitandani baada ya kwisha kuacha, asipigwe na kurudishwa. Aulizwe kwa upole. Dalili si ushahidi, lakini dalili haipuuzwi.

La tano: mtoto akisema, asikizwe wala asilaumiwe, aibu ni ya mwenye kutenda. Akiwa ameingiliwa, asikogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali siku ile ile, kwani dawa ya kukinga UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72. Khabari ifikishwe katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au kwa simu 116, isiyo na malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, imemwajibisha kila mwenye khabari ya mtoto kuvunjiwa haki aifikishe serikalini. Hapa sheria ya nchi na amana ya dini zinasema neno moja.

Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo baba hataulizwa kama jina la chuo lilisalimika, ataulizwa mtoto. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa watu wote. Amin.