Ganzi ya tumbo humsaidiaje aliyepasuliwa utumbo?

Katika sehemu za Kericho na Bomet, saratani ikitajwa watu wengi hufikiria ile ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo Hospitali ya Tenwek imeitibu kwa miaka mingi. Lakini ipo pia saratani ya utumbo mpana, ambayo tiba yake kuu ni upasuaji. Wako wagonjwa wanaochelewa kukubali upasuaji kwa kuogopa maumivu. Tuone jinsi maumivu hayo yanavyopunguzwa.

Matundu badala ya mpasuo mrefu

Tangu mapema katika miaka ya 1990, madaktari wameweza kukata utumbo wenye uvimbe kupitia matundu madogo. Kamera na vyombo vyembamba hupitishwa humo, kisha mpasuo mfupi hufanywa ili kutoa kipande kilichokatwa. Kidonda kidogo huuma kidogo, lakini huuma. Maumivu mengine hutoka kwenye ngozi na misuli ya tumbo, mengine ndani kabisa.

Ganzi hufanya kazi vipi?

Mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu kutoka ukuta wa tumbo hupita ubavuni, katikati ya tabaka mbili za misuli. Mwaka 2001 ilielezwa njia ya kudunga dawa ya ganzi mahali hapo, kulia na kushoto. Siku hizi daktari huongozwa na picha ya altrasaundi ili sindano isipotee. Kwa kawaida mgonjwa huwa amelala kwa nusukaputi, kwa hiyo hasikii sindano.

Dawa kama bupivakaini hudumu saa kadhaa tu. Tena haizuii maumivu ya ndani, ndiyo maana mgonjwa bado hupewa parasetamoli na dawa nyingine.

Faida yake

Mofini ni dawa nzuri ya maumivu, lakini huleta kichefuchefu na kuufanya utumbo ulegee. Ganzi inaweza kupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika, hasa siku ya kwanza. Asiyeumwa sana hukohoa vizuri, na mapafu yake husafika. Hutembea mapema, na hatari ya damu kuganda miguuni hupungua.

Hata hivyo sindano peke yake haiponyi. Daktari Henrik Kehlet wa Denmark alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mgonjwa hupona upesi mambo kadhaa yakifanywa pamoja: kuzuia maumivu, kula mapema na kutoka kitandani mapema. Na anayekuambia kuwa ganzi huzuia saratani kurudi, mwambie jambo hilo halijathibitishwa.

Tahadhari

Dawa ya ganzi ikiingia kwa wingi katika damu huweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hivyo hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Kabla ya upasuaji, mweleze daktari ikiwa dawa yoyote imewahi kukudhuru, au ikiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda. Muulize pia kama huduma hii ipo hapo. Si kila hospitali inayo.

Ukirudi nyumbani

Tembea kila siku, lakini usibebe kikapu cha majani chai, mtungi wa maji wala mzigo wa kuni mpaka daktari akuruhusu. Mara nyingi ni baada ya wiki 4 hadi 6. Kubeba mapema huweza kuleta ngiri mahali pa kidonda.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona homa, tumbo kuvimba, kutapika, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Huenda mahali utumbo uliposhonwa panavuja. Usiyatulize maumivu hayo kwa vidonge vya dukani ukingoje kesho.

Na ambaye bado hajapimwa: damu kwenye choo si bawasiri kila mara. Ikiwa inaendelea, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, nenda ukapimwe. Uvimbe ukipatikana mapema, upasuaji huweza kuuondoa wote.