Gari linakula mafuta na halivuti: tuanzie wapi?

Gari letu la huduma ya mkoba lilikuwa Land Cruiser hardtop ya dizeli, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika. Kazi yake ilikuwa kupeleka wauguzi, chanjo na mizani ya watoto kwenye vijiji vya kaskazini mwa Dodoma, upande wa Kondoa. Kiangazi kimoja lilianza kuchoka. Kilima lililokipanda zamani kwa gia namba nne sasa kilihitaji gia namba mbili. Fungu la mafuta la mwezi mzima liliisha tarehe 18. Vijiji viwili vilikosa kliniki. Akina mama walikaa chini ya mbuyu mpaka saa nane mchana, kisha wakarudi nyumbani na watoto wao bila chanjo.

Ofisini yalisemwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba pampu ya dizeli imekufa, na gereji moja ilitaka shilingi milioni kadhaa kuibadilisha. La pili lilisemwa kwa sauti ya chini: dereva anauza mafuta. Mimi nilikuwa msimamizi wa gari hilo, na nakiri kwamba niliyaamini yote mawili kabla ya kupima lolote.

Makala hii inaeleza njia ya kutafuta ugonjwa wa gari la dizeli lililopoteza nguvu na kuongeza ulaji wa mafuta. Kanuni yake ni moja: pima kwanza, kisha anza na vitu vya bei ndogo. Usimlaumu mtu wala usifungue pampu kabla ya kufanya hivyo.

Hatua ya kwanza: pima ulaji wa mafuta

Maneno "linakula sana" hayatoshi. Tunahitaji namba.

1. Jaza tenki mpaka juu kabisa, gari likiwa mahali tambarare. Andika namba ya kilomita.
2. Endesha angalau kilomita 200 katika kazi ya kawaida.
3. Jaza tena mpaka juu, kwenye kituo kilekile na pampu ileile. Andika lita zilizoingia.
4. Gawanya kilomita kwa lita. Kwa mfano, kilomita 420 kwa lita 56 ni kilomita 7.5 kwa kila lita.

Sisi tulipima kwa safari ya siku moja, Dodoma hadi Kondoa na kurudi. Dereva na mimi tulikuwa pamoja safari nzima, na mfuniko wa tenki ulifungwa kwa ufunguo. Kilomita 320 zilitumia lita 60, yaani kilomita 5.3 kwa lita. Daftari la mwaka uliotangulia lilionyesha karibu kilomita 8. Hapo shaka juu ya dereva iliisha. Mafuta yalipotea mimi nikiwa nimekaa pembeni yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Gari lisilo na daftari haliwezi kutuambia lini lilianza kuugua. Kumbuka pia kwamba ukifunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, mita itaonyesha kilomita chache kuliko zile ulizosafiri. Gari litaonekana linakula mafuta zaidi ya ukweli.

Hatua ya pili: jua kipi ni cha kawaida hapa kwetu

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12. Injini ya dizeli isiyo na tabo huvuta hewa kidogo zaidi huku juu, kwa hiyo nguvu yake hupungua kiasi. Moshi mweusi kidogo unaweza kuonekana unapokanyaga mafuta kwa nguvu mlimani. Anayechukua gari bandarini na kulileta Dodoma asishangae tofauti hiyo ndogo.

Lakini kimo cha nchi hakibadiliki. Gari lililopanda vizuri mwaka jana mwinuko wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Manyoni, na mwaka huu linashindwa kwa mzigo uleule, ni gonjwa.

Hatua ya tatu: soma moshi

Injini ya dizeli hueleza shida yake kupitia bomba la moshi. Mtu mmoja aendeshe kupanda kilima, mwingine atazame kutoka nyuma.

• Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Shuku kwanza filta ya hewa iliyoziba, kisha nozeli mbovu, mzigo kupita kiasi au breki zinazoshika.
• Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli: mafuta yanaingia lakini hayaungui vizuri. Sababu zaweza kuwa taimingi iliyochelewa, mgandamizo mdogo ndani ya silinda, au plagi za hita zilizokufa ikiwa ni asubuhi tu. Kama maji ya radieta nayo yanapungua, huenda yanaingia ndani ya injini.
• Moshi wa rangi ya bluu: injini inachoma oili. Shuku ringi, valvu au tabo.
• Hakuna moshi, na hakuna nguvu: dizeli haifiki ya kutosha. Shuku filta ya dizeli, maji, uchafu wa tenki, au hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta.

Gari letu lilitoa moshi mweusi. Kwa hiyo tulianza na hewa.

Hatua ya nne: hewa

Kuanzia Mei hadi Novemba barabara zetu nyingi za vijijini ni vumbi tupu. Filta ya hewa inayodumu miezi mingi mjini inaweza kuziba hapa kwa wiki chache. Fungua kasha lake uitazame. Weka tochi ndani ya filta, mahali penye giza. Kama mwanga haupenyi, filta imeziba. Kama unaona nukta kali ya mwanga, ina tundu. Itupe, kwa maana vumbi linalopita hapo husaga ringi na silinda kama msasa.

Filta ya karatasi haioshwi kwa petroli, wala haigongwi kwenye tairi. Ipulizwe kwa upepo wa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje. Ikishapulizwa mara chache, ibadilishwe. Angalia pia kimdomo cha mpira kilicho chini ya kasha, kinachotoa vumbi. Kikiziba kwa tope au kikikatika, filta hujaa upesi. Mwisho pitisha mkono kwenye mpira wa hewa kutoka kasha hadi kwenye injini. Ufa mdogo hapo huingiza vumbi ambalo filta haikulichuja. Kwa gari lenye tabo, kagua pia mipira inayotoka kwenye tabo, kwani ikivuja nguvu hupotea na moshi huwa mweusi.

Filta yetu ilikuwa imeoshwa na mtu, ikakakamaa kama kadibodi. Mwanga wa tochi haukupenya kabisa.

Hatua ya tano: dizeli

Hata kama moshi ni mweusi, kagua njia ya mafuta, kwa sababu gari laweza kuwa na magonjwa mawili.

• Legeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, ukinge kwenye chupa nyeupe. Iache itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu.
• Gari likianza kukosa nguvu njiani, legeza mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba.
• Mwombe mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa. Tazama mkono wa pampu. Kama haufiki mwisho wake, waya umelegea au zulia limeizuia pedali. Ugonjwa huu hutibiwa kwa spana moja.
• Unganisha kwa muda mpira wa bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kabla ya pampu. Mapovu yakipita, kuna mahali hewa inaingia.
• Kwa injini za zamani, fundi anaweza kuchomoa mipira ya tenki na kuiweka ndani ya dumu safi lenye dizeli safi, ule wa kwenda na ule wa kurudi. Nguvu zikirudi, pampu ni nzima. Ugonjwa uko kati ya tenki na filta.

Jaribio la dumu halina gharama, na limeziokoa pampu nyingi zisifunguliwe bure. Lifanyike nje ya chumba cha abiria, mbali na moto.

Fikiria pia mafuta yenyewe. Dizeli iliyokaa kwenye pipa kijijini iachwe itulie siku nzima, na isifyonzwe kutoka chini kabisa. Kuhusu uchakachuaji, mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo nunua kituo unachokifahamu na utunze risiti. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli.

Hatua ya sita: kinacholizuia gari

Wakati mwingine injini ni nzima, lakini inavuta mzigo usioonekana. Baada ya kuendesha kilomita 10 bila kufunga breki sana, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki inayoshika. Thibitisha kwa kulipiga jeki na kulizungusha kwa mkono.

Pima upepo wa tairi. Hakikisha gari halikuachwa kwenye 4x4. Kama injini inapiga kelele zaidi mlimani lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

Kagua pia joto la injini. Mafundi wengi wa kwetu hutoa themostati wakisema nchi hii ni ya joto. Hilo ni kosa. Injini isiyofikia joto lake, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95, huunguza mafuta vibaya na kula zaidi. Kama gari linachemka, dawa ni radieta, feni au pampu ya maji. Rudisha themostati.

Kwenye gari letu gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa la moto. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu na haukurudi.

Hatua ya saba: sasa nenda kwa fundi wa pampu

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tunamwendea fundi wa pampu na nozeli. Mwombe apime kwa utaratibu huu: nozeli kwenye mashine yake, taimingi, uwazi wa valvu, kisha mgandamizo wa kila silinda. Kama nguvu zilipotea mara tu baada ya kubadilisha mkanda wa taimingi, mwambie. Huenda mkanda umeruka jino moja. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha mpime tena, ili mjue kipi kilichoponya. Spea ya zamani irudishwe kwako.

Onyo: Magari ya dizeli ya kisasa, kama yale yenye maandishi D-4D, yana presha ya mafuta inayozidi mara elfu moja ya hewa ya kawaida. Usilegeze nati ya nozeli injini ikiwa inanguruma. Mchirizi wa dizeli hupenya ngozi. Aliyepigwa nao aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Magari haya yasomwe kwanza kwa kompyuta.

Gari letu lilipona

Tulinunua filta mpya ya hewa na waya wa breki ya mkono. Tukarudia safari ileile ya Kondoa. Kilomita 320 zilitumia lita 41, yaani kilomita 7.8 kwa lita. Pampu haikuguswa. Mwezi uliofuata vijiji vyote vilipata kliniki.

Kazi moja ilibaki. Nilimwita dereva wetu mbele ya wafanyakazi wote, kwa maana minong'ono nayo ilipita kwao wote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, nilikuambia mara tatu kwamba gari zito." Ni kweli, aliniambia. Dereva ndiye anayelisikia gari kila siku. Tangu siku hiyo daftari la gari letu lina safu moja zaidi, yenye kichwa "Dereva anasema nini".

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, gari, pikipiki au mashine yetu ya kusaga ina daftari? Nani huandika, na nani husoma?
2. Ni lini tulilipa gharama kubwa kwa tatizo lililokuwa dogo? Tungepima nini kwanza?
3. Dereva au fundi wetu anapotoa taarifa ya tatizo, hupelekwa kwa nani, na hujibiwa baada ya siku ngapi?
4. Je, tumewahi kumshuku mtu bila ushahidi? Tufanye nini ili kurudisha heshima yake?