Mzani wa Shilingi Elfu Kumi na Tano

Mzani wenyewe ni kichekesho. Mdogo kama rimoti ya televisheni, una ndoano chini na mkanda wa kushikia juu. Umetengenezwa kwa ajili ya wasafiri wanaoogopa kulipia mzigo uliozidi pale uwanja wa ndege. Mimi tangu niununue sijapanda hata boti ya Zanzibar. Niliuokota Kariakoo kwa shilingi 15,000, kwa kijana aliyetandaza chaja, tochi na betri chini kwenye turubai, na sababu ya kuununua ilikuwa ugomvi wa gesi.

Nyumba yetu ya Mbagala ina watu wanne na mtungi wa kilo 6. Kuna mwezi mtungi ulitufikisha siku 26, mwezi uliofuata ukakatika siku ya 19, tena ubwabwa ukiwa nusu. Mke wangu akasema muuzaji anatupunja. Mimi nikasema jikoni kuna israfu. Hapo tukakaa wiki nzima, kila mtu na sauti yake, hakuna mwenye namba. Ukiona wanandoa wanabishana juu ya kitu kinachopimika, wapelekee mzani kabla ya kuwaita wazee.

Nianze basi na gesi, maana ndiyo iliyonifundisha. Kwenye shingo ya mtungi, pale penye vyuma vya kushikia, kuna maandishi yaliyogongwa. Tafuta herufi TW na namba pembeni yake. Huo ni uzito wa mtungi mtupu. Wetu ulikuwa na 7.3. Ongeza kilo 6 za gesi unayolipia, unapata 13.3. Ukiuning'iniza ukasoma hapo au karibu sana na hapo, mpe mtu hela yake na umtakie siku njema. Usitumie uzito wa mtungi wa jirani kukisia wako, kwa sababu mitungi ya ujazo mmoja haina uzito mmoja ikiwa mitupu. Na pima hapohapo dukani, lakiri ya kufunikia valvu ikiwa bado haijakatwa. Ukishaufikisha nyumbani na kuupikia chai, huna tena la kumwambia mtu.

Mara ya kwanza nilisoma 13.2. Muuzaji ambaye mke wangu alikuwa amemhukumu bila kumsikiliza alikuwa safi kabisa. Mara ya tatu, kwa muuzaji mwingine, nikasoma 12.4. Akaniambia mzani wangu ni wa Kichina. Nikamjibu ni kweli, ni wa Kichina, lakini wa kwake uko wapi? EWURA wamekuwa wakisisitiza muuzaji wa gesi awe na mzani dukani, kwa hiyo kumwomba mtu apime mbele yako si ujeuri wala kumshuku. Akanibadilishia mtungi, mdomo ukiwa umevutwa pembeni.

Lakini alikuwa na hoja. Mzani usioujua ni uwongo wenye namba. Jipatie maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi. Mimi nilichukua ndoo, nikaipima ikiwa tupu, nikaimiminia chupa nne za maji za lita moja na nusu, nikaipima tena. Tofauti ilitakiwa iwe kilo 6, nikapata 6.02. Tangu hapo ninaurudia mtihani huo kila nikibadilisha betri. Lakini huu ni mzani wa kujiridhisha, si wa kufanyia biashara. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na ukiwa sokoni itafute hiyo stika uone ni ya mwaka gani.

Muuzaji wa kwanza alipotoka hatiani, mshtakiwa akabaki mmoja. Nikachukua daftari la shule la kijana wangu lililobaki kurasa tupu, nikaanza kupima mtungi kila Jumapili asubuhi. Baadaye nikaona wiki ni ndefu mno, nikawa ninapima kabla na baada ya kupika vitu vizito. Tahadhari: zima jiko, funga valvu, fungua regyuleta, subiri mtungi upoe kidogo kama umekaa karibu na moto. Kazi ya dakika tatu. Ndani ya siku kumi daftari likasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja katika ugomvi wetu wote: maharage.

Nusu kilo ya maharage yaliyotoka mfukoni moja kwa moja hadi sufuriani ilikula gramu 310 za gesi. Mwezi ule tulijaza mtungi kwa shilingi 24,000, yaani kilo ni 4,000, kwa hiyo sufuria moja ya maharage ilitugharimu shilingi 1,240 za moto. Maharage yaleyale yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, sufuria ikafunikwa na moto ukapunguzwa mara tu yalipoanza kuchemka, yalikula gramu 170. Karibu nusu. Bibi yangu alikuwa akiloweka kila siku, na mimi mwenye cheti cha uhasibu nilikuwa nikidhani ni mazoea ya kizamani ya watu wa kuni.

Mkosaji wa pili alikuwa maji ya kuoga, na huyo alikuwa ni mimi. Mke wangu anaoga maji ya bomba. Tusilirefushe hilo.

Shemeji yangu aliposikia habari za maharage akacheka, akatuletea sufuria lake la presha la umeme, presha kuka kama tunavyoliita. Hapa nina ushauri ninaoushikilia kwa nguvu kuliko mwingine wote: kitu cha jikoni kinachozidi shilingi laki moja, kiazime kwanza. Kaa nacho wiki mbili. Mwaka 2019 nilinunua mashine ya kusaga juisi ambayo imesaga juisi mara nne, na sasa inashikilia mlango wa stoo. Hilo sufuria tulikaa nalo siku kumi na sita. Kabla ya kuliwasha nilisoma mita ya LUKU, baada ya kuzima nikasoma tena, friji ikiwa imezimwa kwa saa hiyo ili isiingilie hesabu. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa ilitumia uniti 0.4.

Hesabu ya umeme inategemea uko kundi gani. Sisi tupo katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Uniti hizo ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, wakati kundi la kawaida, T1, ni 292. Ukiweka kodi ya ongezeko la thamani na makato mengine, unafika kama 122 na 356. Maana yake sufuria lile la maharage ni shilingi 49 kwetu, na shilingi 142 kwa jirani aliye T1. Linganisha na ile 1,240 ya gesi, ingawa hayo hayakuwa yamelowekwa. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Tulinunua letu baada ya miezi miwili ya kuweka akiba. Gesi hatukuiacha, maana chapati haziingii kwenye presha, na umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni watoto hawali mkakati. (Serikali inao mkakati wa nishati safi ya kupikia, ulioanza 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefika huko 2034. Nauunga mkono, nikiwa na mtungi wangu wa akiba.) Ila sasa ninasoma mita kila Jumamosi ili nisivuke zile 75. Friji yetu ndogo inakula kama uniti moja kwa siku, kwa hiyo thelathini zimeshaondoka kabla sijawasha kitu. Pasi ndiyo ya kuangaliwa: tunapiga pasi nguo zote kwa mkupuo mmoja Jumapili jioni.

Ukishakuwa na mzani mkononi unaanza kupima kila kitu, kama mtoto aliyepewa mkasi. Nilihamia gengeni. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba nyanya za fungu ni za kuibiwa, nikawa ninapita genge la mtaani kwetu kwenda kununua zilizopimwa kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi. Mwezi mzima nikawa nanunua fungu la shilingi 1,000 na kulipima nyumbani. Lilicheza kati ya gramu 580 na 710, wastani 640. Kilo inakuja kama shilingi 1,560. Kule penye kiyoyozi ilikuwa 2,200, na nauli ya bajaji sijaiweka. Tena fungu la saa mbili usiku ni zito kuliko la asubuhi, kwa sababu mama wa genge anataka kufunga. Nilikuwa nimemdhania vibaya mtu ambaye ananisalimia kila siku. Ndilo jambo ambalo sikulitarajia kwenye mzani: wauzaji wengi niliowashuku ulikuwa ukiwaachia, na kila mara ulikuwa ukinigeukia mimi.

Ulinigeukia vibaya zaidi kwenye pipa. Wiki moja tulipima chakula tulichomwaga: ugali uliokauka, mchicha uliooza chini ya kikapu, wali uliochacha. Kilo 2.3. Nilikuwa nimetumia miezi kutafuta gramu 100 za gesi niliyodhani nimepunjwa. Dawa yake haikuwa ngumu, tulipima kikombe kimoja cha mchele kwa gramu, tukajua kila mlaji anahitaji kiasi gani, tukaacha kupika kwa jicho. Kiporo kinacholiwa asubuhi na chai hakihesabiwi kama kimemwagwa, msinielewe vibaya.

Kuna mahali mzani unadanganya, na afadhali ujue mapema. Mkaa ulionyeshewa masika ni mzito na hauwaki, kwa hiyo ukiununua kwa kilo unanunua maji. Kwa mkaa kopo na kisado ni haki zaidi. Kuku wa barafu mpime akishayeyuka, utashangaa. Mafuta ya kula yanauzwa kwa lita, lakini lita moja ya mafuta si kilo, ni kama gramu 920, basi ukiona duka moja limeandika kilo na jingine lita, usilinganishe bei kabla hujageuza. Sabuni ya unga nayo ina vituko. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Gawanya bei kwa gramu, zidisha kwa elfu, simu ya tochi inatosha kwa hesabu hiyo. Kwa Mangi hapa jirani pakiti ya kati ndiyo inayoshinda, na siku zote iko rafu ya chini.

Na usidhani kununua kwa wingi ni akili siku zote. Nilibeba maharage kilo 50 kutoka soko la Tandale, bei nzuri ajabu, nikajiona nimeishinda dunia. Joto la Dar na unyevu wake vikafanya kazi yao, mwezi wa tatu gunia lilikuwa linatembea lenyewe. Nilipopepeta nikatupa kilo 14. Sasa nanunua kilo kumi, naziweka kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Umeme wenyewe unanunulika kwa elfu mbili mbili bila hasara yoyote. Wingi ni mzuri kwa chumvi na sabuni ya mche.

Bibi yangu wa Tanga hajavutiwa na haya yote. Nilipomwonyesha mzani, baada ya shikamoo na habari za watoto, aliingia ndani akatoka na pishi yake ya bati, ile anayopimia mchele wa zaka ya fitri kila mwisho wa Ramadhani, vibaba vinne. Akaijaza, akaikata kwa kiganja, akanipa niipime. Kilo mbili na nusu, ikazidi kidogo. Akanitazama kwa muda. "Sasa umejua nini ambacho hukujua?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita nilipita gengeni na mzani umening'inia kwenye mkoba, yule mama akaniita. "Baba Zuhura, hicho ndicho unachopimia nyanya zangu?" Nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe watoto wamesema. Nikamweleza kila kitu, hadi ule wastani wa 640, akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniambia shida yake. Gunia la vitunguu analonunua Mabibo linakuja limeshonewa kofia juu, lumbesa, na wanamwambia ni bahati yake, mkulima ndiye anayeumia. Lakini katikati kuna vilivyooza na hajawahi kujua ni kiasi gani. Mzani wangu haubebi zaidi ya kilo 50, tukakubaliana atapima ndoo kwa ndoo, vizima upande huu, vibovu upande ule.

Aliuchukua Jumatano. Jana nilimkuta ameandika namba kwa chaki kwenye ubao wa genge, safu mbili, na hakunitazama hata nilipomsalimia. Mtungi wetu kwa sasa ninauinua kwa mkono, nakadiria, naandika kwenye daftari na alama ya kuuliza pembeni.