Usizime Ulinzi kwa Sababu ya Tangazo

Mdogo wangu wa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, picha ya ukurasa wako nimeikuza nikaitazama vizuri. Juu vitenge vimepangwa vinavutia, bei ziko wazi. Chini, pale ulipoweka tangazo ili likuingizie hela kidogo, pametokea nafasi nyeupe tupu. Unasema kijana mmoja wa kafe ya intaneti huko Mbarara alikushauri uwaambie wateja wazime ulinzi wa kivinjari ili tangazo lionekane. Hapana, mdogo wangu. Usimwambie mteja yeyote jambo hilo.

Anwani ya ukurasa wako inaanza na https://. Hiyo s inamaanisha kwamba yote yanayotoka kwenye seva hadi kwenye simu ya mteja husafiri yamefumbwa, na aliye njiani hawezi kuyasoma wala kuyageuza. Sasa tazama msimbo wa tangazo uliopewa: unaita http://, bila s. Tangazo hilo linasafiri wazi. Wewe unajua kazi ya maji ya kunywa. Umechota, umechemsha, umeyafunika kwenye bidoni safi, halafu mtu anakuja kumimina humo kikombe kimoja cha maji ya Ziwa Nakivale. Utampa mtoto?

Picha iliyokuja kwa njia ya wazi ina hatari yake, na vivinjari vingi vya siku hizi hujaribu kwanza kuivuta kwa https. Kinachonitisha mimi ni skripti, yale maagizo yanayokuja na tangazo na kutekelezwa ndani ya ukurasa wako. Mteja akiwa mjini kwenye waifai isiyo na nywila, mwenye hila aliyekaa katikati anaweza kuyabadilisha, akachora kisanduku cha kuomba PIN ya Mobile Money chini kabisa ya vitenge vyako. Mteja ataijaza, maana anakuamini wewe. Firefox ilianza kuzuia skripti za namna hiyo mwaka 2013, na leo vivinjari vyote vikubwa huzizuia.

Matangazo ndiyo hukwama sana kwa sababu hupita mikono mingi: huyu anauza nafasi, yule anatunza picha, mwingine anahesabu walioyaona. Mmoja tu akibaki na http, kipande chake kinazuiwa.

Fanya hivi. Fungua msimbo, pale palipo http:// andika https://, kisha pakia ukurasa upya. Tangazo likitokea, umemaliza. Lisipotokea, mrudie aliyekupa tangazo, mwambie akupe msimbo mwingine. Akidai cheti cha usalama ni ghali, mjulishe kwamba shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure tangu mwaka 2015. Akikataa, liondoe. Senti zake hazifikii thamani ya mteja mmoja aliyeibiwa kupitia duka lako.

Na neno moja kwa wote mnaonisoma kutoka Nakivale: https inalinda njia, haimfanyi mwenye tovuti kuwa mwaminifu. Tapeli naye anaipata bure. Mkiona tangazo linalodai pesa ili mpelekwe Marekani au Kanada, hata kama anwani yake ina s, lifungeni. Huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni bure.